Sabuni tunafundishwa kupika, kuuza hatufundishwi

Ukiona bango la mafunzo ya ujasiriamali limebandikwa nje ya ofisi ya kata au ukumbi wa kanisa, mara nyingi unaweza kukisia kitakachofundishwa kabla hujasoma mstari wa pili. Sabuni ya maji. Sabuni ya mche. Batiki, mishumaa, labda na unga wa lishe. Washiriki, wengi wao kina mama na mabinti waliomaliza kidato cha nne, hukaa siku mbili tatu wakikoroga ndoo na kuandika vipimo madaftarini, kisha hupewa vyeti na kupiga picha ya pamoja na mgeni rasmi. Wiki inayofuata mtaa mmoja una watengeneza sabuni kila kona, wote wakiwinda wateja walewale, na baadhi ya wateja hao nao walikuwa ukumbini.

Siandiki haya kuwadharau wanaofundisha. Kuchanganya malighafi bila kuunguza ngozi ya mtu ni ujuzi wa kweli, na wapo waliosomesha watoto kwa sabuni. Lakini tumezoea kuita ujasiriamali kitu kimoja tu, kutengeneza, tukayaacha nje karibu mambo yote yanayoamua kama biashara itafika mwaka wa pili: kununua kwa bei nzuri, kupanga bei, kuuza, kudai madeni bila kugombana, kutenganisha fedha ya duka na ya jikoni, kubadilika soko linapogeuka, kumwajiri mtu wa kwanza na kumwamini. Hayo tunayaachia bahati, na anayeanguka tunamwambia hana mkono wa biashara.

Tuichukue sabuni yenyewe. Tuseme mama mmoja wa Mbagala amenunua malighafi za lita 20 kwa shilingi 18,000. Akiuza lita kwa shilingi 2,000 atapata 40,000, kwa hiyo anahesabu faida ya 22,000 na moyo unafurahi. Lakini chupa 20 tupu zimegharimu 6,000. Lebo zilizochapwa stationari ni 2,000. Nauli ya kwenda Kariakoo kufuata malighafi na kurudi ni nyingine 2,000. Chupa mbili amempa wifi yake na jirani ili "waionje". Nne zimekwenda kwa mkopo na wakopaji wamekuwa wakipita njia ya nyuma. Zilizobaki ni chupa 14, yaani shilingi 28,000, na alichotumia ni hizohizo 28,000. Siku mbili za kukoroga na kuzunguka na beseni hakuzilipa mtu.

Hakufanya uzembe wowote. Hakuna aliyemwonyesha kwamba chupa ni gharama, kwamba nauli ni gharama, kwamba kumkopesha jirani ni kuutoa mtaji nyumbani bila tarehe ya kurudi. Akiendelea hivyo miezi mitatu atasema mtaji umekata, na watu watamjibu kwamba biashara ina wenyewe.

Na hao wenyewe walijifunzia wapi? Wengi hawakukanyaga ukumbi wa semina. Wafanyabiashara wa Kikinga, ambao asili yao ni Makete mkoani Njombe, wameenea kuanzia Makambako, Mbeya na Tunduma hadi mitaa ya Kariakoo. Kwa muda mrefu wamekuwa na namna yao ya kufundishana. Kijana hutoka kijijini akaja kukaa kwa ndugu au mtu wa kwao mwenye duka. Mwanzoni anabeba mizigo, anafagia, anapanga bidhaa. Baadaye anajua bei za jumla na za rejareja bila kutazama karatasi, na anamjua mteja wa kweli na wa kupoteza muda. Kisha anatumwa kufuata mzigo, anaachiwa funguo, anaachiwa droo ya fedha. Ikipita miaka, na bosi akiridhika, anafunguliwa duka lake, kwa fedha taslimu au kwa mali kauli: anapewa bidhaa kwa neno tu, alipe akishauza. Naye baada ya muda huchukua kijana mwingine kutoka nyumbani.

Waigbo wa Nigeria wana utaratibu unaofanana sana na huo, na ndio uliowasaidia wengi wao kusimama tena baada ya vita vya Biafra kumalizika mwaka 1970. Kwetu watu hupenda kuueleza utajiri wa Wakinga kwa hadithi za uchawi, na hadithi hizo zinanikera. Zinamnyima haki kijana aliyelala juu ya magunia miaka kadhaa akijifunza, na zinamdanganya anayesikiliza kwamba hakuna kitu cha kuiga. Utaratibu huo una maumivu yake. Hauna mkataba, wapo waliotumikishwa kisha wakatimuliwa mikono mitupu, na wasichana wengi wamebaki nje yake. Ila kama njia ya kufundisha biashara, unashika mambo ambayo semina ya siku tatu haiyafikii: mwanafunzi anaona biashara ikienda siku ya mauzo na siku ya ukame, anakosea kwa mtaji wa mwingine huku mwenye mtaji akimtazama.

Ningeweza kuishia kwenye simulizi, lakini lipo jaribio lililofanyika Nairobi ambalo limeipima hoja hii. Watafiti watatu, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, walikwenda Dandora, mtaa wa mashariki ya jiji unaojulikana zaidi kwa dampo lake, wakawachukua wanawake wenye biashara changa. Kundi moja lilipelekwa darasani kwa mafunzo ya kawaida ya biashara. Kundi la pili halikupelekwa darasani. Kila mmoja aliunganishwa na mwanamke mzoefu wa Dandora hapohapo, mwenye biashara iliyosimama kwa miaka, wakae na kuzungumza kwa muda wa mwezi mmoja. Kundi la tatu liliachwa kama lilivyo, ili yale mawili yapimwe dhidi yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Faida ya waliopewa mshauri wa mtaani ilikuwa juu kwa takribani asilimia 20. Waliokwenda darasani, faida yao haikutofautiana na ya walioachwa. Walichoambiwa na hao kina mama wazoefu hakikuwa siri kubwa. Waliambiwa wakanunue wapi. Mwanamke mgeni katika biashara alikuwa akifuata bidhaa kwa muuzaji aliye karibu au wa kwanza kumjua, na mwenyeji akamwonyesha wa bei ya chini, soko gani liendwe, saa ngapi. Gharama zikashuka, faida ikapanda. Mwalimu wa darasani, hata awe na shahada ngapi, hajui ni nani anayeuza nyanya kwa bei nafuu kuzidi wote karibu na Dandora wiki hii. Mama aliye sokoni miaka kumi anajua.

Kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo wanaopanga miradi wangelibandika ukutani. Mshauri na aliyeshauriwa walipoacha kukutana, faida ile nayo ilififia. Soko hubadilika, muuzaji wa bei nzuri wa mwezi uliopita si lazima awe huyo wa mwezi huu. Habari za soko zinachacha haraka, na mtu anahitaji kuwa na mahali pa kuziuliza kila siku, jambo ambalo cheti hakiwezi kumpa.

Je, tufunge madarasa? Hapana, na sababu inatoka Lomé, mji mkuu wa Togo. Huko wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa katika makundi matatu ya watu 500. Kundi moja lilifundishwa somo la kawaida, yaani kutunza hesabu, masoko, fedha na rasilimali watu. La pili halikufundishwa. La tatu lilifundishwa kitu ambacho wanasaikolojia waliokiandaa, akiwamo Mjerumani Michael Frese, walikiita ari ya kujianzishia mambo: kutafuta fursa kabla haijakufuata, kujitofautisha na jirani, kujiwekea lengo na kulifuatilia, kutegemea kikwazo na kujipanga nacho mapema. Masomo yalichukua wiki nne, kisha mwalimu akawa anamtembelea kila mwanafunzi kwenye biashara yake mara moja kwa mwezi kwa miezi minne. Ripoti ilitoka mwaka 2017 katika jarida la Science. Faida ya waliofundishwa ari ilipanda kwa asilimia 30 katika kipindi cha zaidi ya miaka miwili, na kwa wanawake ilifika asilimia 40. Waliopata somo la kawaida waliongeza asilimia 11, kiasi ambacho watafiti wenyewe walisema kinaweza kuwa bahati tu.

Wapo wanaoisoma habari hii wakadhani ni ushahidi wa semina za hamasa, zile za kupiga makofi na kurudia "mimi ni milionea". Siyo. Mafunzo ya Lomé yalikuwa ya vitendo vinavyoweza kuonwa na kukaguliwa. Umefanya nini wiki hii ambacho mwenye kibanda cha pili hajakifanya? Umewauliza wateja wangapi kwa nini hawakununua? Mwalimu akija mwezi ujao atauliza tena, na utamwonyesha. Mtu anayefundishwa sabuni pamoja na majirani zake wote angefaidika kwa swali hilo moja: mtaa mzima ukiuza sabuni ya kufulia, wewe utauza nini? Labda ya kuoshea magari, umpelekee fundi wa gereji na kijana wa kuosha bodaboda. Labda uache kupika sabuni kabisa uwauzie wapikaji chupa, kwa kuwa sasa unajua chupa zinawauma kiasi gani.

Kuna ujuzi mwingine mdogo mno kiasi kwamba hakuna anayefikiria kuufundisha, nao ni chenji. Watafiti Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson waliwafuatilia wenye maduka madogo magharibi mwa Kenya wakagundua kwamba wengi hupoteza mauzo kwa kukosa fedha ndogo ya kurudisha. Mteja analeta noti kubwa, mwenye duka anafunga na kukimbia kutafuta chenji kwa jirani, au mteja anaondoka. Kwa makadirio yao, hasara hiyo ilikuwa kati ya asilimia 5 na 8 ya faida. Dawa ilikuwa nyepesi ajabu. Kule kuulizwa tu kila wiki, "umepoteza wateja wangapi kwa chenji?", kulitosha kuwafanya wengi wabadilike. Walikuwa na akili timamu na hesabu walizijua. Walichokosa ni mtu wa kuwafanya waitazame biashara yao kwa jicho la pembeni.

Kwetu Tanzania lipo jaribio linalostahili kukumbukwa kwa sababu linauma. Mwaka 2008, wateja wa taasisi ya mikopo ya PRIDE jijini Dar es Salaam walipewa mafunzo na walimu wa kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadhi wakapewa ruzuku ndogo ya fedha. Mafunzo yaliwasaidia wanaume kwa kiwango kinachoonekana. Kwa wanawake athari ilikuwa ndogo. Mwanamke aliyekaa darasa lilelile na kusikia maneno yaleyale alirudi kwenye nyumba yenye mahitaji yasiyomfuata mumewe dukani: mtoto anaumwa, gesi imekwisha, ada, msiba, na droo ya biashara ndiyo fedha iliyo karibu. Ni rahisi kumwambia atenganishe fedha. Anayesema hivyo aseme pia atenganishe vipi.

Namna zipo, na kina mama wenyewe wamezivumbua. Wapo wanaojilipa kiasi maalumu kila jioni na kukigusa hicho tu. Wapo wenye laini mbili za simu, moja ya nyumba na moja ya biashara. Wapo wanaoweka fedha ya mzigo kwenye kikoba siku hiyohiyo ili usiku usiwakute nayo. Lipa namba imesaidia kwa namna ambayo wengi hawakuitegemea: fedha ya mteja haipiti mkononi, na mwisho wa mwezi kuna taarifa inayoonyesha kilichoingia hata kwa asiyependa daftari. Haya ndiyo masomo. Yanaweza kufundishwa kwa saa moja chini ya mwembe, na mama mmoja mwenye kuyaishi atayaeleza vizuri kuliko kitini cha kurasa 80.

Nisiwe mwongo wa kupendelea hoja yangu. Utafiti mwingine wa Kenya uliwafuatilia wanawake 3,537 wa masoko ya vijijini na miji midogo, ambapo waliochaguliwa walipata mafunzo ya siku tano ya Shirika la Kazi Duniani. Baada ya miaka mitatu mauzo yao yalikuwa juu kwa asilimia 18 na faida kwa asilimia 15, na hawakuwa wamewapokonya wateja wenzao wasiofundishwa. Walileta bidhaa mpya na kuwahudumia watu vizuri zaidi, soko zima likanufaika. Huko kuongezewa washauri hakukuleta tofauti kubwa. Kwa hiyo darasa linaweza kufanya kazi. Nadhani la muhimu ni kile mwanafunzi anachokwenda kufanya tofauti asubuhi ya pili, na kama yupo atakayemuuliza.

Kukua nako kuna ujuzi wake, na hapa wengi hukwama. Mtengeneza achari au siagi ya karanga anayeuza kwa majirani hahitaji mengi. Siku atakapotaka kuingia dukani Mlimani City au kupeleka mzigo hotelini Arusha, ataulizwa nembo ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS), msimbomilia, risiti, namba ya mlipakodi, na kama anaweza kutoa kiwango kilekile kila wiki. Watu huziogopa ofisi zinazotoa vitu hivyo. Lakini mjasiriamali mdogo mwenye barua ya SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuendeleza viwanda vidogo na lenye ofisi mikoani, hupitia hatua za TBS bila kulipia ada katika miaka ya mwanzo. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Wangapi waliohitimu semina za sabuni wanayajua haya?

Kisha kuna mtego wa mteja mkubwa. Hoteli au duka kubwa huchukua mzigo leo, likalipa baada ya mwezi mmoja, miwili, wakati mwingine zaidi. Mwanzoni oda hiyo inaonekana ni neema. Lakini wiki ijayo wanataka mzigo mwingine, na fedha ya ule wa kwanza haijatoka. Asiyejua kuhesabu mizunguko ya mtaji anakimbilia kwa wakopeshaji wa kausha damu ili asiipoteze oda, na marejesho ya kila wiki yanaanza kabla malipo ya hoteli hayajafika. Biashara inakufa ikiwa na wateja wengi kuliko wakati wowote. Nimeona watu makini wakiangushwa hivi, na naamini somo la kusema "naweza kukuletea nusu tu" ni la thamani kuliko masomo mengi yanayotolewa.

Na mtu wa kwanza wa kuajiriwa. Kwa desturi huwa ndugu, na kwa desturi haambiwi mshahara wake ni kiasi gani, wala kazi yake inaishia wapi. Mwenye duka hawezi kwenda msibani bila kufunga, kwa sababu hajui kulihesabu duka lake: aliacha soda ngapi, akute ngapi, fedha iwe kiasi gani. Anaishia kumshuku kijana bila ushahidi au kuibiwa bila kujua. Kuhesabu mali jioni, kuandika, kusaini wote wawili, ni kazi ya nusu saa. Vikundi vya vikoba, vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, vimewafundisha maelfu ya wanawake kwamba utaratibu mzuri unalinda urafiki. Sijui kwa nini tunauacha utaratibu huo kwenye kikoba tukifika dukani.

Fedha za umma zipo. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya dosari za usimamizi, kisha ikarudishwa. Mjadala mwingi umekuwa juu ya nani kapewa na nani hajarejesha, na ni mjadala wa haki. Ningependa uongezwe mwingine: kikundi kinachopewa milioni tano za kufuga kuku kinatembelewa na nani mwezi wa pili, kuku wanapoanza kufa na chakula kimepanda bei?

Ofisa maendeleo ya jamii mmoja mwenye kata nzima mikononi hawezi kuwa mtu huyo. Mfugaji aliye kilomita mbili kutoka hapo, aliyekwisha kupoteza kuku na kuanza upya, anaweza. Mlipeni. Fedha inayotumika kukodi ukumbi, viti, kipaza sauti na chakula cha mgeni rasmi ingetosha kumlipa mama huyo au baba huyo afike mara moja kwa mwezi kwa kikundi kimoja, kwa miezi sita, akiwa na maswali matano tu: mnanunua wapi, mnauza kwa nani, nani anawadai na mnamdai nani, mmejilipa kiasi gani, mmebadilisha nini tangu nilipokuja. Majibu yaandikwe kwenye daftari linalobaki kwa kikundi, na mtu wa halmashauri alipitie kabla ya awamu ya pili ya fedha.

Na wewe unayetaka kulipia semina ya Jumamosi ijayo kwa fedha yako, muulize mwandaaji mambo mawili kabla hujatoa ada. Anayefundisha anauza nini kwa sasa, na anauzia wapi? Baada ya semina, atakuja lini kukuona ukiwa kazini?